Ndege wa Milimani Wakati wa Kipupwe

Leo twazungumza habari za wageni wanaofika pande za Matombo wakati wa kipupwe, tangu Juni hata Agosti, wala hawapigi hodi: ndege wa milimani.

Milima ya Uluguru yapanda kupita mita 2,600. Katika miezi hiyo huko juu kuna baridi na ukungu, na wadudu huwa haba. Basi baadhi ya ndege huteremka kutafuta riziki katika misitu ya chini, kama ule wa Kimboza, ulio kiasi cha mita 300 tu juu ya bahari. Mwaka 2000 wataalamu wawili, Burgess na Mlingwa, walichapisha ushahidi wa safari za namna hii katika Afrika Mashariki.

Mmoja wa wasafiri hao twapenda mmjue. Mgongo wake ni wa kahawia, kifua cheupe, naye hukaa karibu na ardhi penye kivuli. Ukikuta msafara wa siafu msituni, simama kando, utulie. Huenda ukamwona akiwarukia panzi na mende wanaokimbia. Shabaha yake si siafu wenyewe. Awatumia kama mwindaji atumiavyo mbwa. Nawe tazama miguu yako, maana siafu hawachagui.

Huko Ulaya, theluji ikianguka, watu huwatundikia ndege mbegu na mafuta bustanini. Kwetu hapana haja ya kumwaga makombo ya ugali, kwani hayamfai ndege alaye wadudu. Yeye ataka njia ya kuteremkia na mahali pa kufikia. Ndege wa kivulini huogopa uwanja mpana wenye jua, na baina ya msitu wa juu na wa chini mashamba ni mengi. Miti iliyosalia kandokando ya vijito huweza kuwa daraja lake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Twajua ardhi ni haba, na mwenye watoto wengi hafurahi kuambiwa aliache bonde. Lakini ukingo uliofyekwa huliwa na maji, na mwenye shamba ndiye wa kwanza kupoteza udongo.

Kuna moto pia. Mwisho wa kipupwe majani yamekauka. Anayesafisha shamba kwa moto na afyeke kwanza ukanda mpana pande zote, awaite majirani, awashe mapema kabla ya upepo. Moto ukiingia msituni, huunguza majani makavu ambamo ndege wetu hupata chakula chake.

Manati tusiyasahau. Mtoto aamiaye ndege katika mpunga afanya kazi ya halali. Yule wa msituni hagusi mpunga.

Nanyi wanafunzi, wekeni daftari. Andikeni tarehe, mahali, ndege wangapi, na walikuwa wakifanya nini. Endeleeni mpaka Septemba, mpate kujua ni siku gani mliwaona mara ya mwisho kabla hawajapanda kwao. Muda si mrefu baadaye, mbayuwayu watokao Ulaya huanza kuonekana angani.