Askari wa Mbao

Somo: Yohana 11:17–44



Mwaka 1826, kule Haworth, Uingereza, kasisi wa Kianglikana Patrick Brontë alimletea mwanawe Branwell askari wadogo wa mbao. Watoto wanne, Charlotte, Branwell, Emily na Anne, wakawapa majina na kuwabunia nchi, nao wakajifanya majini wakuu wanaoitawala. Nchi yenyewe waliiweka huku Afrika! Askari akifa, majini wale walimfufua. Mchezo huo waliuendeleza hata ujanani.

Mbona kufufua? Mama yao alikufa mwaka 1821, na dada zao wawili mwaka 1825. Nyumbani mlikuwa na msiba. Mchezoni kifo kilikuwa na dawa.

Lakini mwaka 1848 Branwell alikufa, baada ya miaka ya ulevi na afyuni. Emily akamfuata mwaka uo huo, na Anne mwaka 1849. Charlotte akabaki, wala hakuweza kumwinua hata mmoja.

Mzazi, kijana wako akijifungia na wenzake katika nchi ya kubuni, usimcheke, wala usikimbilie fimbo. Keti naye. Umwulize analilia nini.

Nanyi vijana, Bwana Yesu alimlilia Lazaro kabla ya kumwita atoke. Huyo mwaweza kumpelekea msiba wenu.

Na tuombe: Bwana, uliyelia pamoja na wafiwa, keti na watoto wetu leo. Amina.