Homa Inayoondoka Yenyewe na Kurudi
Mazungumzo yaliyotolewa na Ofisa Habari wa Halmashauri mbele ya wafanyabiashara wa Soko la Samaki Feri, Dar es Salaam



Naomba nieleweke tangu mwanzo kwamba mimi si daktari. Kazi yangu ni kuzichukua taarifa za idara za Halmashauri na kuzifikisha kwa wananchi kwa lugha inayoeleweka. Leo, hata hivyo, nazungumza pia kama mpwa wa mgonjwa, na mjomba wangu ameniruhusu nimtaje bila jina.

Mjomba huuza karanga na ufuta Kariakoo. Mwaka juzi alikwenda kijijini kwetu, upande wa Mvumi mkoani Dodoma, kuzika. Akalala siku nne juu ya mkeka, ndani ya tembe la marehemu, pamoja na waombolezaji wengine. Alirejea Dar es Salaam akiwa mzima. Baada ya juma moja hivi akashikwa na homa kali, baridi ya kutetemeka, maumivu ya kichwa na ya viungo. Akanunua dawa ya malaria katika duka la dawa, na siku ya tatu homa ikakatika kwa jasho jingi. Akarudi sokoni. Juma lililofuata homa ikarudi. Safari hii aliambiwa ni taifodi, akapewa vidonge, akameza vya siku tatu, akapona. Ikarudi tena. Mara ya tatu alikunywa mizizi ya kuchemsha aliyoletewa na jirani, na homa ikakatika vilevile. Kwa hiyo hadi hapo mjomba alikuwa na dawa tatu, na kila moja angeapa kwamba ilimponya.

Hapo ndipo penye mtego ambao ningependa tuutazame pamoja. Ugonjwa wa mjomba ulikuwa homa ya papasi, na homa hii ina tabia ya kuondoka yenyewe. Mgonjwa huungua kwa siku tatu hivi, kisha hupata nafuu ya siku kadhaa, mara nyingi juma zima, kisha homa humrudia. Bakteria wanaoileta hubadili umbo lao la nje kila kinga ya mwili inapowatambua. Wengi hufa na homa hushuka. Wachache waliojibadili hubaki, huzaana, na mzunguko huanza upya. Mtu akinywa maji matupu siku ya tatu, ataona maji yamemtibu. Basi nafuu ya siku ya nne haithibitishi kitu. Dawa ya homa hii hupimwa kwa kalenda: je, majuma mawili au matatu yamepita bila homa kurudi?

Papasi si yule kupe anayeng'ang'ania sikio la ng'ombe. Yeye huishi katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, humfyonza aliyelala kwa muda usiozidi saa moja hivi bila kumwumiza, kisha hurudi mafichoni. Asubuhi hakuna ushahidi. Anaweza kukaa miaka bila kula. Mwaka 1905 mtafiti Mwingereza Joseph Dutton alifariki huko Kasongo, Kongo, kwa homa hii hii aliyokuwa akiichunguza, na bakteria wake wakapewa jina lake. Mwaka huo huo Mjerumani Robert Koch, akiwa katika nchi yetu hii, aliwakuta papasi katika vibanda vya kupumzikia wapagazi wa misafara, na akaona kwamba mama huwarithisha wanawe vijidudu kupitia mayai. Ndiyo maana tembe lililohamwa muda mrefu bado linaweza kuwa na hatari.

Mtaniuliza: sisi wa Feri, wenye sakafu za saruji na upepo wa bahari, jambo hili latuhusu nini? Latuhusu kwa sababu soko hili na Kariakoo limejaa watu wenye kwao bara. Tunakwenda kwenye misiba, harusi na mavuno, tunalala chini, na homa hujitokeza baada ya siku kadhaa, wakati tumekwisha kurudi mjini. Mhudumu wa afya wa hapa, asipoambiwa, hana sababu ya kumfikiria papasi.

Zamani mgonjwa wa homa alitolewa damu, ikatazamwa kwa hadubini, na aliyekuwa akitafuta malaria aliweza kuwaona pia bakteria hawa, walio kama nyuzi zilizosokotwa. Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria kimetusaidia sana, nami sitaki mtu atoke hapa akikidharau. Lakini chenyewe huulizwa swali moja na hujibu swali hilo moja. Kikisema hakuna malaria, bado hakijasema ni nini. Mwombeni mhudumu damu itazamwe kwa hadubini, na nendeni wakati homa ipo, kwa kuwa siku za nafuu bakteria huwa wachache mno na ni vigumu kuonekana. Najua ni vigumu kuacha meza ya samaki kwa ajili ya foleni. Mjomba naye alisubiri kila mara hadi apate nguvu za kutembea, yaani alikwenda siku ambayo kipimo kisingeona kitu.

Mara ya nne alipelekwa akiwa anaungua. Mtaalamu wa maabara aliwaona bakteria. Homa hii inatibika kwa dawa za kawaida zilizopo nchini, zikiwamo penisilini, doksisaiklini na erithromaisini. Mhudumu ndiye achague, maana doksisaiklini haiwafai wajawazito na watoto wadogo. Jambo moja tu nalisisitiza. Saa chache baada ya dozi ya kwanza, bakteria wanapokufa kwa wingi, mgonjwa anaweza kutetemeka vibaya, homa ikapanda na shinikizo la damu likashuka. Dozi hiyo itolewe mahali anapoangaliwa. Mama mjamzito asingoje hata siku moja: utafiti wa vijijini Tanzania uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba kati ya wajawazito waliougua, karibu nusu ya mimba zilipotea.

Homa ya mjomba haikurudi tena. Lakini hakuwa mzima. Kwa miezi kadhaa alichoka kabla ya adhuhuri, magoti yaliuma, na upande mmoja wa uso ulilegea hata chai ikamtoka mdomoni. Majirani walinong'ona kiharusi, wengine jini. Daktari alieleza kwamba homa hii huweza kugusa mishipa ya fahamu ya uso, na kwamba wengi hurejea polepole. Kipindi hicho kilikuwa kigumu kuliko homa yenyewe, kwa sababu kila mpita njia alikuwa na sindano au chupa ya kumuuzia. Alikaribia kununua dozi nyingine ya antibayotiki, na mimi, nakiri, nilikuwa tayari kumchangia. Daktari alitupa daftari badala yake: pima joto, andika tarehe, andika kinachouma. Homa ikirudi, njoo siku hiyo hiyo tupime damu. Isiporudi, uchovu huu ni jeraha linalopona. Dawa ya kuua bakteria haina wa kumuua. Macho yakiwa mekundu na kuuma, au kichwa kikizidi, njoo bila kusubiri.

Daftari hilo ninalo hapa. Kurasa za mwanzo zimejaa. Kufikia mwezi wa tano ameandika tu «nimefungua duka», na chini yake bei ya ufuta.

Ofisa wa maabara wa kata yetu amekaa pale karibu na ngazi, na atabaki hadi mnada wa jioni. Aliyetoka safari ya bara ndani ya mwezi huu na ana homa leo, aanze naye kabla ya kuniuliza mimi maswali. Nami nimemwona mama wa zoni ya wakaanga samaki amenyoosha mkono tangu nilipotaja tembe. Karibu, mama.