Tumtambue Rafiki Kabla ya Kunyunyiza: Uainishaji na Utambuzi wa Utitiri Mwindaji katika Mashamba ya Handeni na Korogwe



1. Utangulizi

Naomba nianze na hii ncha ya muhogo iliyoko mezani. Nimeikata alfajiri na kuileta ndani ya mfuko wa karatasi. Ukiyafunua taratibu majani machanga yaliyojikunja katikati yake, kisha ukatazama kwa lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, utaona viumbe vya aina mbili. Vya kwanza ni vya kijani, vimetulia chini ya jani vikifyonza. Cha pili ni cheupe kinachong'aa, chenye umbo la tone la maji, na hakitulii: kinakimbia kutoka mkunjo mmoja hadi mwingine, kinasimama kidogo, kinageuka, kinakimbia tena. Vile vya kwanza vinamwibia mkulima. Hiki cha pili kinamlindia shamba, kwa sababu chakula chake ni vile vya kwanza.

Vijijini kwetu vyote viwili vinaitwa utitiri. Duka la pembejeo nalo linauza dawa moja ya "utitiri", na dawa hiyo haimwulizi mtu jina kabla ya kumwua. Hoja yangu leo ni moja: kumpa kila mmoja jina lake sahihi ni hatua ya kwanza ya kinga ya mazao, na hatua hiyo inaweza kuanzia mikononi mwa afisa ugani mwenye lenzi.

2. Mwindaji katika ukoo wa utitiri

Kwa maana ya kisayansi utitiri si mdudu. Mdudu ana miguu sita, na mwili wake umegawanyika sehemu tatu. Utitiri una miguu minane, hauna mabawa wala papasi, na ndugu zake ni buibui, nge na kupe. Mkumbuke tu kwamba utitiri uliototolewa karibuni una miguu sita. Ya saba na ya nane huota baada ya kujichuna ngozi kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo hupita hatua mbili za ujana kabla ya kukomaa.

Kundi kubwa la wawindaji wanaoishi juu ya mimea ni familia ya Phytoseiidae, iliyomo katika oda ya Mesostigmata. Duniani kote zimeshatajwa zaidi ya spishi 2,400 za familia hii. Mwindaji huyu ana udugu wa karibu zaidi na kupe kuliko na utitiri anaoula. Matundu yake ya kupumulia yako ubavuni, usawa wa miguu ya tatu na ya nne, wakati utitiri unaofyonza majani, wa familia ya Tetranychidae, hupumulia sehemu ya mbele karibu na mdomo.

Wapo wawindaji wa familia nyingine pia. Stigmaeidae ni wa manjano au wekundu, na hutembea polepole juu ya majani ya michungwa. Anystidae ni wekundu na huzunguka kwa kasi kama waliopagawa. Bdellidae wana mdomo mrefu uliochongoka kama pua. Nawataja kwa sababu moja: anayeamini kwamba kila chekundu ni adui atawaua hawa wote.

3. Gharama ya jina lisilo sahihi: somo la muhogo

Mwaka 1971 utitiri wa kijani wa muhogo, Mononychellus tanajoa, ulionekana kwa mara ya kwanza Afrika, karibu na Kampala. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na huku ulifika bila adui zake. Ukaenea katika nchi nyingi za Afrika zinazolima muhogo, Tanzania ikiwemo. Kwa miaka kadhaa wataalamu walibishana kama Afrika kulikuwa na spishi moja au mbili. Mnamo 1987 na 1988 uchambuzi wa vielelezo, ukiwemo uliofanywa na watafiti wa kituo cha icipe cha Nairobi, ulionyesha kwamba ni spishi moja tu. Ubishi huo ulikuwa na uzito wake, kwa kuwa asiyejua adui ni nani hajui akamtafutie mwindaji wapi.

Kidung'ata cha muhogo, mdudu mwingine mharibifu, kilikuwa kimeshatoa somo hilohilo. Kilipewa jina la Phenacoccus manihoti mwaka 1977. Watafiti wakaenda kaskazini mwa Amerika ya Kusini, wakapata kidung'ata kinachofanana nacho sana, lakini maadui wa asili waliopatikana huko hawakukishika cha Afrika. Kumbe kile kilikuwa spishi nyingine, ambayo baadaye iliitwa Phenacoccus herreni. Kidung'ata chenyewe kilipatikana Paraguay mwaka 1981, na nyigu mdogo aliyetoka huko ndiye aliyekiokoa kilimo cha muhogo.

Kwa upande wa utitiri, Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA), kupitia kituo chake cha Benin, ilianza na wawindaji kutoka Colombia katikati ya miaka ya 1980. Hakuna aliyeota mizizi Afrika. Msako ukahamia kaskazini mashariki mwa Brazili, kwenye hali ya hewa inayofanana zaidi na yetu. Huko nako suala la majina likajitokeza. Mwindaji aliyezoeleka kuitwa Amblyseius limonicus alipochunguzwa upya aligundulika kuwa kundi la spishi zinazofanana, na mwaka 1994 Gilberto de Moraes na wenzake wakampa yule wa kwenye muhogo jina lake mwenyewe, ambaye leo anaitwa Amblydromalus manihoti. Mwenzake, Typhlodromalus aripo, aliachiliwa Benin mwaka 1993. Huyu ndiye aliyeshinda wote. Ameenea katika nchi nyingi za Afrika, na Tanzania ni mojawapo.

Siri ya aripo iko kwenye ncha hii iliyoko mezani. Mchana anajificha katikati ya majani machanga, mahali penye unyevu na kivuli, na usiku anashuka kwenye majani ya chini yake kuwinda. Ndiyo maana anayepima shamba kwa kukagua majani mapana saa sita mchana anaondoka akiamini kwamba shamba halina mlinzi.

4. Utambuzi shambani

Kwa macho na lenzi hatuwezi kufikia spishi. Tunaweza hata hivyo kutenganisha rafiki na adui, na kwa uamuzi wa kunyunyiza au kutonyunyiza hilo linatosha. Naomba maafisa ugani washike alama tano.

(a) *Mwendo.* Mwindaji anakimbia ukimsumbua. Mfyonza majani hujikokota au hubaki palepale.

(b) *Umbo.* Mwindaji ana umbo la tone la maji, mgongo unaong'aa, na miguu ya mbele mirefu anayoitanguliza kama mtu anayepapasa gizani. Mfyonza majani ni mviringo, na mara nyingi ana madoa meusi ubavuni.

(c) *Mayai.* Yai la mwindaji ni la mviringo mrefu kama yai la kuku, na ni kubwa kuliko la mawindo yake. Yai la utitiri mwekundu, mfyonza majani wa nyanya, ni duara kama punje ya ulezi.

(d) *Utando.* Utitiri mwekundu wa nyanya hufuma utando. Wawindaji wa Phytoseiidae hawafumi.

(e) *Mahali.* Mtafuteni mwindaji pembeni mwa mshipa mkubwa wa jani, kwenye vinywele vya pembe za mishipa, na kwa muhogo ndani ya ncha.

Rangi sikuiweka miongoni mwa alama hizi kwa makusudi. Mwindaji ana ngozi angavu, na chakula alichokula huonekana tumboni. Akila utitiri mwekundu naye huwa mwekundu. Akila chavua huwa mweupe au wa manjano.

Tusichanganye pia dalili kwenye muhogo. Ugonjwa wa batobato huleta mabaka makubwa na kulipinda jani lote. Utitiri wa kijani huacha nukta ndogondogo za manjano kama zilizochomwa kwa sindano, zikianzia majani ya juu. Hali ikizidi, majani hudondoka na ncha hubaki kama kijiti kikavu. Mkoa wetu unajua thamani ya kutofautisha. Ni huku Tanga, katika kituo cha Amani kilichoanzishwa mwaka 1902, ambako H. H. Storey na wenzake waliitafiti batobato miaka ya 1930 na kuzalisha mbegu zinazoistahimili.

5. Utambuzi maabara

Kufikia spishi kunahitaji jike lililokomaa, slaidi na hadubini. Utitiri hutolewa kwenye jani kwa brashi laini iliyoloweshwa, ukahifadhiwa kwenye alkoholi ya asilimia 70. Kisha mwili husafishwa kwa asidi ya laktiki ili upitishe mwanga, ukapandikizwa kwenye slaidi kwa dawa ya Hoyer na kukaushwa kwa joto la wastani kwa siku kadhaa.

Chini ya hadubini tunasoma mgongo kama ramani. Mwindaji ana ngao moja mgongoni, na jozi za vinywele kwenye ngao hiyo hazifiki 24. Kila kinywele kina anwani. Vya nusu ya mbele huandikwa kwa herufi ndogo, vya nusu ya nyuma kwa herufi kubwa: j na J karibu na mstari wa katikati, kisha z na Z, kisha s na S, hadi r na R pembezoni. Anwani hizi ndizo hugawa familia katika nusu-familia tatu. Vinywele z3, z6 na s6 visipokuwepo vyote, tuko Amblyseiinae, ambamo aripo, manihoti na jamaa zao wa Euseius wamo. Kikiwepo angalau kimoja kati ya hivyo, tunahamia nyuma: Z1, S2, S4 na S5 visipokuwepo vyote, ni Phytoseiinae, kikiwepo hata kimoja, ni Typhlodrominae.

Baada ya hapo huangaliwa ngao ya tumboni, meno ya vikoleo vya mdomoni, vinywele virefu vya mguu wa nne, na umbo la kifuko cha manii. Sehemu hii ya mwisho ni ndogo mno, lakini mara nyingi ndiyo inayoamua kati ya spishi mbili zinazofanana kwa kila kitu kingine. Kwa hiyo slaidi iliyotengenezwa vibaya, ambamo kifuko hicho hakionekani, haitoi jina.

Nasisitiza pia lebo. Kielelezo kisicho na tarehe, kijiji, mmea kilikotolewa na jina la mkusanyaji hakina faida, hata kama ni spishi mpya duniani. Majina ya jenasi hubadilika. Aripo mwenyewe aliwahi kuitwa Amblyseius. Lebo nzuri inamwezesha mtafiti wa kesho kurudi kwenye mgongo uleule na kuusoma upya.

6. Kutoka jina hadi uamuzi

Jina hutupa tabia. Mwaka 1997 McMurtry na Croft waligawa wawindaji hawa katika makundi manne kwa ulaji wao. La kwanza, la Phytoseiulus, hula utitiri unaofuma utando tu, na ukiisha wanahama au wanakufa. Kundi la pili linapendelea utitiri huo bila kujifunga nao. La tatu hula mawindo mengi tofauti. La nne, ambalo Euseius wamo, linaneemeka kwa chavua.

Tuipeleke elimu hii mashambani kwetu. Handeni, muhogo na mahindi mara nyingi huota shamba moja. Chavua ya mahindi ikidondoka juu ya muhogo huwa chakula cha akiba cha wawindaji, akiwemo Euseius fustis, mwenyeji wa Afrika. Kwa hiyo kuchanganya mazao kuna faida ambayo hatukuwa tukiihesabu. Kwenye michungwa, tukumbuke mfano wa Afrika Kusini, ambako Euseius addoensis huzuia thiripi wa machungwa iwapo mkulima hatamwua kwa dawa.

Kwenye nyanya za bonde la Mombo hali ni ngumu zaidi. Nikiwa bwana shamba kijana nilimshauri mkulima anyunyize dawa ya kundi la pairethroidi baada ya kuona majani yamepauka. Baada ya wiki mbili utando ulikuwa umefunika mistari mizima. Dawa iliwaua wawindaji, utitiri mwekundu ukabaki na shamba peke yake. Sikuwa nimelifunua hata jani moja kabla ya kutoa ushauri ule, na hasara aliipata mkulima.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila afisa ugani wa kata awe na lenzi ya mkuzo wa mara kumi au zaidi, na asishauri dawa ya utitiri kabla ya kukagua ncha na majani ya mimea kadhaa shambani.

Pili, wachuma kisamvu waombwe kubakiza sehemu ya mimea bila kuikata ncha, hasa kiangazi, wakati utitiri wa kijani unaongezeka. Ncha inayoingia chunguni huenda na mlinzi wake.

Tatu, shamba lisilo na aripo lipelekewe ncha zilizo naye kutoka shamba la jirani lisilo na ugonjwa wa batobato wala wa michirizi ya kahawia, zifungwe kwenye mimea asubuhi na mapema. Njia hii ilitumika kumsambaza Afrika.

Nne, vielelezo vikusanywe kiangazi na baada ya mvua za masika, kuanzia Mkata na Kabuku hadi Mombo na Magoma, vipelekwe kwa wataalamu wa TARI Mlingano na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na nakala za slaidi zihifadhiwe mkoani.

Ndugu Mwenyekiti, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya muhogo ni kiangazi. Kiumbe huyu wa chini ya nusu milimita yuko zamu usiku kucha bila kudai mshahara. Ombi langu kwa kila mmoja aliyemo ukumbini ni dogo: kabla ya kufungua kifuniko cha chupa ya dawa, fungua kwanza ncha ya muhogo uone ni nani anaishi ndani yake.