Je, Yatupasa Kuwachanja Kuku Wetu?

Hotuba ya Kamati Ndogo ya Ufugaji, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika mkutano uliopita tuliagizwa tulichunguze neno moja lililowagawanya wanachama, nalo ni hili: mtu mwenye kuku wanane au kumi wa kienyeji, wanaojitafutia chakula uani, je, yampasa kutumia fedha kuwachanja, au awaache kama walivyoachwa na wazazi wetu? Leo tumekuja kutoa jibu letu.

Huenda wako watakaosema kwamba habari za kuku si za kuletwa mbele ya wazee. Sisi twaona ni za wazee hasa. Mgeni akifika, huchinjiwa kuku. Mtoto akitaka madaftari, kuku ndiye apelekwaye sokoni. Mama aliyejifungua hupewa mchuzi wa kuku apate nguvu. Mjane asiye na ng'ombe wala mbuzi, akiba yake yote hulala ndani ya tundu moja. Maradhi yakilifagia tundu hilo kwa juma moja, mlango unaobishwa kuombwa msaada ni wa Chama hiki.

Maradhi tunayoyasema ni kideri. Wataalamu waliyatambua mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza, na kwa sababu hiyo yakapewa jina la mji huo. Hapa Kenya yaliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935, katika Mombasa. Husababishwa na virusi, na dalili zake wengi wetu twazijua: kuku husinzia na kuteremsha mbawa, huhema mdomo wazi, huhara uharo wa kijani, na wengine hupindika shingo au kupooza miguu. Katika kundi lisilochanjwa yaweza kuua karibu kuku wote. Dawa ya kuyaponya haipo. Hatuwadharau wazee waliotia shubiri, pilipili au majivu katika maji ya kuku, kwani walitumia walichokuwa nacho. Lakini hakuna hata kimoja katika hivyo kilichothibitika kukiponya kideri.

Hapo yatubidi kukiri kosa letu wenyewe. Baadhi yetu katika kamati hii tuliwahi kuona kuku wetu wameanza kusinzia, tukaharakisha kuwauza kabla hawajafa. Tulijiona werevu. Kumbe kuku aliyeshikwa na maradhi huyabeba katika mate na kinyesi chake, na tenga, viatu na manyoya huyachukua kutoka boma hadi boma. Tulipata shilingi chache, tukaupeleka msiba kwa watu waliotuamini. Kosa hilo hatulisemi kwa kujivunia. Twalisema ili lisirudiwe.

Sasa tuzitazame hoja za wale waliokataa chanjo, maana nazo zina uzito.

Hoja ya kwanza ni gharama. Chanjo haiuzwi tone moja moja. Kichupa kimoja huwa cha kuku wengi. Mwenye kuku wanane akinunua peke yake, hutumia matone manane na mengine yote humwagwa, kwa kuwa chanjo ikiisha kuchanganywa haiwekwi akiba. Mtu huyo ana haki ya kulalamika. Lakini majirani 10 au 12 wakikusanya kuku wao na kununua kichupa kimoja, fungu la kila kuku halifikii bei ya yai moja.

Hoja ya pili ni kwamba kuku wa wengine walichanjwa nao wakafa. Tumelichunguza neno hili tukaona sababu zake. Huenda kuku walikuwa wamekwisha kuambukizwa, na chanjo haimponyi mgonjwa. Kinga nayo haiji siku ile ile, huchukua juma moja hadi mawili. Au chanjo iliharibika kwa kubebwa mfukoni kwenye jua kali. Au waliuawa na maradhi mengine, kama ndui ya kuku au homa yao ya matumbo. Chanjo ya kideri huzuia kideri tu. Na wengine walichanja mara moja wakadhani wamemaliza, ilhali kinga hupungua, na vifaranga waliototolewa baadaye hawakupata kitu.

Hoja ya tatu ni kwamba kuku wa kienyeji ni wagumu. Ni kweli, huvumilia jua na njaa kuliko kuku wa kizungu. Lakini kideri hakiwabagui, na kila aliyeamka akakuta jogoo, koo na vifaranga wamelala chini anajua hivyo.

Basi jibu letu ni kwamba yatupasa kuchanja, lakini tuchanje pamoja au tusijidanganye. Kuku aliyechanjwa hukingwa asiugue, lakini bado aweza kuvichukua virusi na kuvitoa bila kuonyesha dalili. Nusu ya kijiji ikichanja na nusu ikaacha, hatari hubaki, na wa kuumia ni yule aliyeachwa nje. Mara nyingi huyo ni mjane tuliyemtaja.

Kwa hiyo twaliomba Kusanyiko hili likubali mambo manne. Kwanza, pawe na siku tatu za chanjo kila mwaka, mwezi wa Machi, wa Julai, na wa Novemba kabla ya shughuli za Krismasi, wakati kuku wengi huuzwa na kuhamishwa. Pili, Chama kimtafute afisa wa mifugo atuonyeshe kazi. Taasisi ya chanjo za mifugo ya Serikali, KEVEVAPI, hutengeneza chanjo hii hapa hapa Kenya. Iko aina iitwayo I-2, iliyotayarishwa Australia kwa ajili ya wafugaji wa vijijini, nayo hustahimili joto kuliko nyingine. Hata hivyo tuichukue katika chupa ya baridi, tuikinge na jua, na tufuate yaliyoandikwa juu ya kichupa. Tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa na kifaranga, latosha. Tatu, fungu la wajane na wazee wasiojiweza lilipwe na mfuko wa Chama. Nne, yeyote ambaye kuku wake wameugua asiwauze wala kuwagawa. Waliokufa wazikwe katika shimo refu au wachomwe.

Na juu ya hayo, chanjo isitufanye tuache uangalifu. Wazee walisema kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ile ilikuwa na hekima zaidi ya tulivyodhani: kuku aliyenunuliwa na atengwe majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Ndugu zetu, hatukuahidini kwamba hakuna kuku atakayekufa tena. Mwewe wapo, kicheche yupo, na maradhi mengine yapo. Tunalosema ni kwamba msiba huu mmoja, ambao huja kwa siku chache na kuacha uani kimya, tunao uwezo wa kuuzuia, na gharama yake haizidi yai moja kwa kila kuku. Tukiuacha uendelee, tusiseme tena kwamba ni bahati mbaya.

Twawaachia uamuzi.