Rangi ya kwanza mbele ya rangi ya kuonekana
Maneno ya komite ya nyumba kwenye mukutano wa wanachama, Rugenge



Tumeombwa kusema juu ya rangi za ndani ya nyumba. Kuna waliocheka: rangi nayo inahitaji hotuba? Inahitaji, ju feza za rangi ni za wote, muchango wa kila mwezi pamoja na ule wa wafadhili, na mwaka huu iko swali la kukata. Je, tununue rangi nzuri peke yake, tupake vyumba mara mbili, tupige picha, tutume ripoti? Ao tutoe sehemu ya hizo feza kwa rangi ya kwanza, ile ambayo hakuna mugeni atakayeiona, na tungoje ukuta ukauke? Sisi wa komite tuko upande wa pili. Tunataka muelewe sababu mbele ya kunyoosha mikono.

Wale waliorudi kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka, tangu mwaka 2005, wanaijua kwa jina la praima, ju kule Tanzania mafundi wanasema hivyo. Fundi aliyejifunzia hapa anaiita impresyo. Ni kitu kimoja, musibishane dukani.

Kazi yake ni hii. Ukuta mukavu wa krepi una kiu. Ukiupaka rangi moja kwa moja, unakunywa maji ya rangi pamoja na gundi yake, na juu inabaki unga wa rangi tu. Unapitisha kiganja, kinatoka cheupe. Mutoto anaegemea, shati lake linachafuka. Kisha mwaka mumoja, rangi inatoka vipandevipande kama ngozi ya kitunguu. Rangi ya kwanza inanyweshwa ule ukuta mbele, inafunga unga, na inaipa rangi ya juu mahali pa kushika. Tumeona kartiye nyingi vyumba vilivyopakwa haraka kwa sababu mugeni anakuja. Mugeni akapiga picha, akaenda. Familia ndiyo inayobaki na ukuta.

Sasa, kuchagua. Hapa watu wengi wanapotea, wanauliza "ile ya bei gani?" mbele ya kuuliza "ukuta gani?"

Tuanze na krepi mupya ya simenti, ju vyumba vyetu vingi viko hivyo. Simenti mupya ni kali. Waulizeni wamama wetu wanaopika sabuni: unachukua mafuta ya mawese, unatia soda kostike, mafuta yanageuka sabuni. Basi simenti mbichi ina ukali wa namna ileile ya soda. Ukiipaka rangi ya mafuta ingali mbichi, mafuta yaliyo ndani ya rangi yanaanza kugeuka sabuni palepale ukutani. Rangi inalegea, inanata, inatoka. Si maneno ya mufano, ndicho kinachotendeka. Kwa hiyo mambo mawili: krepi ingoje majuma ine hivi, na zaidi wakati wa mvua, na rangi ya kwanza iwe ya maji, ile iliyoandikwa kwenye ndoo kwamba ni ya simenti na inavumilia ukali wake.

Kama una shaka kwamba ukuta umekauka, chukua kipande cha plastiki kinachopitisha mwangaza, ukikamatishe na skochi pande zote ine, ukiache siku moja na usiku wake. Ukikuta matone ndani, unyevu ungali unatoka. Ngoja. Plastiki haina bei, kuvumilia ndiko kunauma.

Nyumba za zamani zilizopakwa chokaa ni jambo lingine. Chokaa kinachotoka mukononi hakiwezi kubeba rangi ya ndoo. Kikwaruze kwa spatile, pangusa kwa burashi na kitambaa, ndipo utie rangi ya kwanza ya kufunga unga. Ao, na sisi tunapenda njia hii kwa wenye mufuko mwepesi, baki na chokaa. Kwa nyumba ya matofari mabichi yaliyopigwa udongo, tunasema wazi: hatutanunua impresyo ya mafuta hata kama mwenye nyumba anaiomba. Udongo unapumua. Ukiufunika na kitu kama plastiki, unyevu unakwama nyuma yake na udongo unaanguka pamoja na rangi. Chokaa chepesi, mara tatu, kinatosha, na kinapendeza pia.

Chumba walichopikia makaa, ao palipowashwa taa ya petroli miaka na miaka, kioshwe kwa maji na sabuni, kikauke. Moshi unapita rangi ya maji na kutokea tena juu, manjano ao kahawia, hata ukipaka mara ine. Hapo ndipo impresyo ya mafuta ina faida, mradi krepi iwe ya zamani. Wafungue madirisha, na wamama wenye mimba na watoto walale kwa jirani mpaka harufu iishe. Na fundi asitie esansi ndani ya kopo ili iwe nyepesi. Ni moto huo.

Wanaokwaruza rangi ya mafuta ya zamani wasikilize vizuri. Rangi nyingi za namna hiyo zilitengenezwa na madini ya risasi, yale ya ndani ya batri ya gari. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mutoto. Kwa hiyo lowesha ukuta mbele ya kusugua na musasa, fagia mukiwa mumefunga pua, na mavumbi yasibaki uani watoto wanapochezea. Tukinunua mupya, tunatafuta kopo lililoandikwa sans plomb.

Halafu kuna kuta zilizonywa maji. Tangu Aprili 2020, muto Mulongwe ulipotoka katika njia yake, na tena mwaka 2024 ziwa lilipoingia nyumbani kwa watu kule Kavimvira, tunakuta kuta zenye musitari wa chumvi nyeupe karibu na chini. Ile chumvi usiioshe, maji yanairudisha ndani. Ipanguse ikiwa kavu, zaidi ya mara moja. Na hakuna impresyo inayozuia maji yanayopanda kutoka fondasyo, hata muuzaji akiapa. Kwa nyumba hizo tutachimba kwanza mufereji wa nje, rangi baadaye.

Hesabu sasa. Chumba cha metre 3 kwa 4, urefu wa kwenda juu 2.5: kuta zote ni metre kare 35, toa mulango na dirisha, zinabaki 32 hivi. Kwa krepi isiyo laini tunahesabu litre moja kwa metre kare 8, basi litre 4 za rangi ya kwanza. Mafundi wanauliza kama wanaweza kuongeza maji kwenye rangi ya kawaida na kuifanya ya kwanza. Kwa ukuta mugumu, mukavu, usiotoa unga, ndiyo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye ndoo. Kwa ukuta wa unga, hapana.

Ninyi marafiki munaotusaidia, ripoti ya mwezi wa sita itakuja na picha za kuta nyeupe zisizo na uzuri. Si kazi iliyoachwa katikati. Rangi ya juu itafuata, na picha ya pili itapigwa kisha mvua ya mwaka unaofuata, tuone kama imeshika.

Kama mukutano unakubali, kazi inaanza mvua ikikatika. Kila familia ikamatishe plastiki ukutani siku moja mbele ya fundi kufika. Rulo mbili na burashi za pembe ziko kwa sekretere. Wanaoazima wazioshe mbele ya kuzirudisha.