Mchele wa Kyela: Nafasi ya -a Unganifu katika Jina la Bidhaa

Mkulima wa Kyela anapouza mpunga wake shambani, jina la bidhaa halimsumbui. Mnunuzi anaiona ardhi aliyosimama juu yake. Jina huanza kuwa tatizo pale mchele unapokobolewa, ukapangwa kwa madaraja, ukatiwa katika mifuko na kuwa bidhaa mpya ya dukani. Mfuko hauna budi kuandikwa kitu. Mhadhara huu unalitazama suala hilo kwa jicho la sarufi, kwa kuwa sehemu kubwa ya utata wake imo ndani ya silabi moja: wa.

Uwanda wa Kyela umelala baina ya miteremko ya Rungwe na Ziwa Nyasa, ukinyweshwa na mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe. Mchele wake unasifika kwa harufu hadi Dar es Salaam. Katika kirai “mchele wa Kyela”, -a unganifu hueleza asili, kama ilivyo katika “samaki wa Matema”. Hata hivyo, -a hiyo hiyo hueleza pia aina, kama katika “chai ya rangi”. Mlaji wa mjini anaweza basi kuelewa kwamba mchele wa Kyela ni mchele wowote unaonukia, popote ulikolimwa. Hatua ya tatu husikika sokoni: “Nipimie Kyela kilo mbili.” Hapo unganifu imedondoka kabisa, na jina la wilaya limekuwa jina la aina. Mfanyabiashara anayechanganya mchele wa kwingine anapata kichaka cha kujifichia ndani ya sarufi yenyewe, na anayepunjwa ni mkulima.

Mabadiliko ya namna hii si mageni katika Kiswahili. Katika karne ya 19, kitambaa cha pamba kilicholetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, kiliitwa merikani. Viwanda vya Bombay vilipoanza kukiiga, jina lilibaki lile lile. Mfano wa karibu zaidi uko ng’ambo ya mto Songwe: huko Karonga, Malawi, hulimwa mchele mashuhuri uitwao Kilombero, jina la bonde lililoko Morogoro!

Yawezekana kulikwepa jina la mahali. Wakulima wa Tanzania wana hazina ya majina ya mbegu, kama vile Kula na Bwana na Shingo ya Mwali, ambayo humsifu mchele kwa taswira. Watafiti nao wametoa SARO 5, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya harufu ya wastani. Jina hilo ni la kweli, ila halimtamanishi mtu. Jina la kubuni lina faida ya kusajilika kwa urahisi chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Lakini mnunuzi halijui, na gharama ya kulitangaza si ndogo kwa chama cha wakulima. “Kyela” inajulikana tayari, ila haifai kumilikiwa na mfungashaji mmoja, asije akawazuia majirani zake kutaja wanakolima.

Mkataba wa Haki Miliki wa Shirika la Biashara Duniani wa mwaka 1994 unayatambua majina ya aina hii kuwa viashiria vya kijiografia, na Zanzibar iliviingiza katika sheria yake ya mwaka 2008. Kwa lugha ya sarufi, ulinzi huo huirudisha -a unganifu kwenye maana yake ya asili.

Hata kabla ya ulinzi huo, Kiswahili kina njia nyingine. Mfuko ubebe jina la kubuni la wafungashaji, na chini yake, badala ya unganifu, kiwekwe kitenzi kirejeshi: “uliolimwa Ipinda, Kyela”. Kirai “wa Kyela” kinaweza kufasiriwa kuwa aina. “Uliolimwa Kyela” hakiwezi, na anayekiandika juu ya mchele wa kwingine amesema uongo ulio wazi.