Unene, Afya Zetu na Midomo Yetu

Mazungumzo ya Kamati ya Afya siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi

Mweka hazina ameshasoma taarifa ya fedha na makofi tumeyasikia. Sisi wa Kamati ya Afya tumepewa dakika chache kuzungumzia jambo ambalo halimo katika daftari la hisa, nalo ni unene.

Jamani, msicheke. Tunajua kwamba huku Uchagani unene ni heshima. Mama akijifungua anawekwa ndani, analishwa mtori, nyama na maziwa, na akitoka hajanenepa watu wanauliza mume wake alikuwa anampa nini. Desturi hiyo ina busara yake, maana mzazi anahitaji nguvu na mtoto anahitaji maziwa. Lakini uzazi una mwisho wake, na wengi wetu tumeendelea kula kama wazazi mpaka tumekuwa mabibi.

Mwenzetu mmoja alikuwa hivyo. Kila alipokuja kikaoni tulimwambia, "Dada umependeza, maisha yamekukubali." Asubuhi moja alianguka akichambua maharage. Hospitali wakasema ni kiharusi, na kwamba presha ilikuwa juu siku nyingi bila yeye kujua. Mkono wa kulia haujarudi mpaka leo. Mkopo wake wa kuku ulimaliziwa na binti yake, ambaye aliacha kujifunza ushonaji ili amwuguze mama. Hatusemi unene peke yake ndio uliomwangusha. Tunachosema ni kwamba sisi tulimsifu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia, "Twende tukapime."

Unene uliozidi huleta shinikizo la damu, kisukari, kiharusi na ugonjwa wa moyo. Huchosha magoti, hukatisha pumzi usingizini, huleta matatizo wakati wa ujauzito, na huongeza hatari ya baadhi ya saratani, ikiwemo ya mji wa mimba. Kwa mama wa urefu wa sentimita 160, uzito huhesabika umezidi kuanzia kilo 64, na kuanzia kilo 77 hivi ni unene wa kupindukia, yaani kiribatumbo. Kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 88, hiyo nayo ni dalili ya hatari.

Wengine watasema haya ni magonjwa ya watu wa Dar es Salaam. Zamani ilikuwa karibu na kweli. Utafiti uliotolewa mwaka 2000 ulilinganisha watu wazima wa Ilala na wa kijiji cha Shari, hapa kwetu wilayani Hai. Ilala karibu watu 6 katika kila 100 walikuwa na kisukari; Shari hawakufika 2. Uzito wa mwili na kutojishughulisha vilichangia tofauti hiyo. Lakini kijiji cha siku zile siyo cha leo. Mama zetu walishuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kupanda nayo mlima kichwani. Sisi tunapanda bodaboda hata kwenda kanisani. Kitaifa, mwaka 2004-05 wanawake 18 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2015-16 walifika 28.

Tulipoanza kupima uzito kikundini tulikosea. Tulisoma kilo za kila mtu kwa sauti, kama tunavyosoma hisa. Kina mama watano hawakuonekana vikao viwili, na walikuwa na haki. Tunawaomba radhi tena mbele ya wageni. Sasa kila mmoja anapima faragha na anatunza kadi yake mwenyewe.

Mengine tuliyobadili ni madogo. Soda ya kikao tumeiondoa, maana chupa moja ina sukari ya vijiko vya chai kama nane au tisa. Mafuta tunapima kwa kijiko, hatumimini. Ndizi hatukuziacha, nani angekubali? Ila nusu ya sahani ni mnafu, mchicha au mboga nyingine, na machalari yanakaa upande wake. Mbege ni glasi, siyo kibuyu. Na siku ya kikao tunakuja kwa miguu, kwa makundi. Dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, zinatosha kuanzia. Wala si lazima mtu awe mwembamba: mwenye kilo 90 akipunguza tano tu, presha na sukari huanza kunufaika.

Sasa tufike kwenye midomo yetu. Mwenzetu mmoja alishuka kutoka kilo 96 hadi 88 kwa mwaka mzima, kwa jasho lake. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba ana ule ugonjwa. Tangu ukimwi ulipotumalizia vijana miaka ya 1980 na 1990, kukonda kwetu kumekuwa kama hukumu. Mama mkwe akaja kuuliza, na dada yule akarudia kula usiku ili tu anenepe watu wanyamaze. Ilibidi tumwendee nyumbani, tukakaa na mama mkwe na kadi ya uzito, mwezi kwa mwezi, mpaka akaelewa. Leo wanatembea pamoja.

Kwa hiyo ombi letu ni hili. Mwenzako akipungua, usimseme, mwulize anafanyaje. Akikonda ghafla bila kujitahidi, msindikize hospitali. Akiwa mnene, usimcheke, maana unene hauletwi na ulafi peke yake. Dawa za kupunguza mwili zinazouzwa stendi na sokoni tusizinywe, na vidonge vya presha asiache mtu bila kumwona daktari.

Miaka 10 tumedhaminiana kwa fedha. Tudhaminiane na kwa hili.